UZI: Karakana yetu ya vivungulio hapa Nakuru, kutoka mikokoteni ya punda hadi daftari la Mama

#1 BintiFundi (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Kila nikiweka hapa picha ya kivungulio tulichomaliza, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea (greenhouse), kuna anayeuliza: mlianzaje, mzee alisomea wapi, mbona wengine walifunga nyinyi mkabaki. Nimekuwa nikijibu kwa mstari mmoja mmoja. Leo mvua imetuzuia kupanda juu ya paa, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Itakuwa ndefu. Nitaileta vipande vipande, nanyi ulizeni katikati.

Baba hakusomea vivungulio. Alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, fremu za madirisha, na zaidi ya yote mikokoteni ya punda. Mtu wa Njoro au Rongai anajua kwamba mkokoteni mzuri ni mali, na wa Baba ulikuwa unajulikana kwa ekseli isiyopinda. Katikati ya miaka ya 1990 kazi ilipungua, akasikia Naivasha wanatafuta mafundi. Mashamba ya maua yalikuwa yanapanuka upesi, waridi za kwenda Ulaya zinapandwa chini ya plastiki, na kila hekta ilihitaji vyuma na watu wa kuvisimamisha. Akaenda kama kibarua. Alikaa huko miaka minne hivi, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Kazi yake ilikuwa kubeba mabomba na kushika ngazi. Lakini mtu aliyezoea kupima kwa jicho hawezi kushika ngazi bila kutazama. Aliona nguzo zinavyozikwa, paa linavyoachwa wazi upande mmoja ili joto litoke, plastiki inavyobanwa ndani ya mfereji mwembamba wa bati kwa waya uliokunjwa zigizaga. Usiku alichora kwenye pakiti za sigara alizookota, maana yeye mwenyewe hakuvuta. Mbili tunazo mpaka leo.

#2 BintiFundi

Kivungulio cha kwanza tulikijenga mwaka 2001, nyuma ya nyumba tuliyokodi. Nguzo zilikuwa za mbao za mkaratusi zilizopakwa oili chafu upande wa chini ili mchwa wasile. Plastiki ilikuwa kuukuu. Mashamba makubwa hubadilisha plastiki kila baada ya miaka michache, kwa sababu ikichafuka na kufifia mwanga unapungua na waridi haziwi ndefu. Ile inayovuliwa huuzwa. Baba alinunua marobota mawili, tukayaosha kwa sabuni ya unga na fagio laini, watoto wote, siku nzima ya Jumamosi.

Tulipanda nyanya. Majirani walikuja kutazama nyumba ya nailoni yenye miche ndani. Mvua za Aprili zilipokuja na nyanya za nje zikaungua kwa baridi na ukungu wa majani, zetu zilikuwa kavu. Hapo ndipo mtu wa kwanza alimwambia Baba: nijengee hii.

Nasema hivi kwa sababu wengi hudhani kivungulio ni kitu cha matajiri wa Uholanzi. Vile vya vioo, ndiyo. Lakini mtu anayehesabiwa kuwa baba wa kivungulio cha plastiki, Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky kule Marekani, alijenga chake mwaka 1948 kwa sababu hakuwa na pesa za kioo. Alichukua fremu ya mbao akaifunika kwa selofeni, ile karatasi angavu ya kufungia peremende. Niliposoma habari yake mara ya kwanza nilimsomea Baba kwa sauti, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudie. Alifurahi sana kujua kwamba kazi hii ilianza kwa mtu aliyekosa pesa.

#3 MwalimuMstaafu (Molo)

Mwanangu, umeandika vizuri, endelea. Nakumbuka miaka ile huku Molo tulivyokuwa tukisema nyanya si mmea wa baridi yetu. Swali langu: hizo nguzo za mbao zilidumu? Mimi nilijengewa za mbao na fundi mwingine mwaka 2010, mwaka wa tatu zikaoza shingoni, pale udongo unapoishia.

#4 BintiFundi

Mwalimu, asante. Za kwetu pia zilioza, tena palepale shingoni. Ndani ya udongo mbao haina hewa ya kutosha, na juu ni kavu. Pale katikati ndipo kuna maji na hewa pamoja, kuvu wanapata kila kitu. Baba alianza kuzika kipande cha bomba na saruji, kisha mbao inaingia juu ya bomba bila kugusa ardhi. Kufikia mwaka 2005 aliachana na mbao kabisa kwa wateja wanaoweza kulipia chuma.

Chuma nacho kikaja na funzo lake. Baba ni mchomeleaji, kwa hiyo alichomelea kila kiungo. Mabomba yalikuwa ya mabati, yaani yamepakwa zinki isiruhusu kutu. Ukichomelea, zinki inaungua pale pale kwenye kiungo. Unapaka rangi juu, inapendeza mwaka mmoja. Ndani ya kivungulio kuna unyevu usiku kucha, matone yanatiririka juu ya chuma, na kutu huanzia pale ulipochoma. Tulikuja kuona viungo vilivyoliwa huku bomba lenyewe bado linang'aa.

Ikabidi fundi wa kuchomelea aache kuchomelea. Sasa tunatoboa na kufunga kwa bolti na nati. Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa Baba ilikuwa kama kuambiwa aache mkono wake wa kulia. Alibishana na kaka yangu miezi mingi kuhusu hilo, na kwa wiki mbili hawakula meza moja.

#5 MpandaHoho (Kisumu)

Dada, na kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, 2008? Nakuru iliungua. Karakana yenu ilikuwa wapi?

#6 BintiFundi

Ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Njoro. Mwisho wa Januari 2008 tulifunga mlango tukaondoka na nguo tulizovaa. Tuliporudi, mabomba hayakuwepo, mashine ya kuchomelea haikuwepo, mashine ya kupinda haikuwepo. Sitaandika zaidi kuhusu siku zile, kuna watu humu walipoteza vitu visivyonunuliwa tena.

Nitaandika kilichobaki. Mama alikuwa ameondoka na kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na daftari.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Watu wote huita karakana yetu "ya mzee". Ubao wa nje umeandikwa jina la ukoo wa Baba. Lakini tangu kile kivungulio cha kwanza, Mama aliandika kila tulichojenga katika daftari la mistari, lile gumu la kurasa mia mbili: mahali, urefu na upana, mlango unatazama wapi, upepo unatoka wapi, plastiki imefungwa tarehe gani, nani anadaiwa. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa mwekahazina wa chama cha akina mama kwa miaka mingi, na kwake kitu kisichoandikwa hakijatokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Mama aliishi neno hilo.

Mwaka ule Baba hakuwa na mtaji hata wa kununua bomba moja. Mama alifungua daftari akahesabu wateja ambao plastiki zao zilikuwa zimefika umri wa kubadilishwa. Walikuwa 14. Alimtuma Baba kwa kila mmoja, kwa miguu na kwa matatu, aseme: plastiki yako imefika miaka mitatu, tuibadilishe kabla haijapasuka mwezi wa nne. Tisa walikubali na wakalipa nusu mbele. Biashara ilifufuka hivyo, kwa plastiki kuukuu za watu wengine.

#7 KijanaWaBungoma

Hapo nimesimama kusoma, nikaanza upya. Kwa nini plastiki inapasuka? Yangu iliandikwa unene wa mikroni 200 na ilikuwa imetiwa kinga ya jua, lakini mwaka wa pili ikachanika juu ya matao ya chuma tu. Katikati iko sawa.

#8 BintiFundi

Ndugu yangu, umejieleza vizuri kuliko wateja wengi. Kuchanika juu ya matao peke yake kunamaanisha chuma kilikuwa kinapata moto. Jua likipiga, bomba linakuwa la kuunguza mkono, na plastiki iliyolala juu yake inazeeka kabla ya sehemu nyingine. Dawa yake ni rahisi: paka upande wa juu wa tao rangi nyeupe, au uuvishe kitambaa cheupe, kabla ya kufunika. Na plastiki ifungwe saa ambayo haina baridi wala joto kali. Ukiifunga asubuhi ya baridi, mchana italegea, upepo utaipigapiga kama ngoma mpaka ikatike.

Jambo la pili, niambie: ulikuwa ukipulizia salfa kwa ajili ya ukungu? Salfa na dawa zenye klorini huila ile kinga ya jua iliyomo ndani ya plastiki. Mama aligundua hili kwenye daftari, kabla sijalisoma popote. Aliona wateja waliokuwa wakinunua salfa kwenye duka moja la pembejeo, plastiki zao zinakufa mapema.

#9 MpandaHoho (Kisumu)

Dada, sasa tuambie ya Kisumu. Wewe unajua ninayouliza. Mama yangu mdogo alikuwa kwenye kile kikundi.

#10 BintiFundi

Najua. Sikutaka kuikwepa. Nisamehe nimechelewa kufika hapo.

Kuanzia 2009 vivungulio vidogo vilikuwa gumzo la nchi. Kila redio, kila maonyesho ya kilimo. Vikundi vya vijana na vya akina mama vilichanga au kukopa ili kujenga, na ukubwa uliopendwa ulikuwa mita 8 kwa 15, au 8 kwa 30 kwa wenye uwezo. Simu hazikukoma. Mwaka 2011 tulipokea kazi kutoka uwanda wa Kano, upande wa Ahero, kikundi cha akina mama 22 waliokuwa wameweka akiba kwa miaka minne. Mita 8 kwa 30. Tulijenga kwa siku tano, tukapiga picha, tukarudi Nakuru.

Tulijenga nyumba ileile tuliyokuwa tukiijenga Njoro na Molo. Kuta za pembeni mita mbili, plastiki mpaka karibu na chini, dirisha la paa jembamba. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Molo ni juu zaidi. Huko unataka kushika joto. Kisumu iko karibu mita 1,130, kando ya ziwa, na mchana wake mnaujua. Tulichukua koti zito tukamvika mtu aliyekuwa akitokwa jasho.

Nyanya ziliota vizuri sana. Zilirefuka, zikatoa maua mengi. Kisha maua yakaanza kudondoka. Akina mama walipiga simu. Baba akawauliza kama wanamwagilia. Wakasema wanamwagilia. Akawauliza mbolea. Wakasema wameweka kama walivyoambiwa. Akawaambia wavumilie. Nilikuwa nimesimama karibu naye simu hiyo ilipopigwa, nami nilikubaliana naye moyoni, kwamba ni wao ndio hawajui kulima. Hilo linaniuma mpaka leo.

Msimu mzima walivuna kreti chache, na mkopo ukawa unadai.

#11 BintiFundi

Mama ndiye aliyetuamsha. Jioni moja aliweka daftari mezani, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila mteja aliyepiga simu kulalamika juu ya maua kudondoka. Kisha akamwomba kaka yangu aonyeshe mahali hapo pote kwenye ramani ya shule. Muhoroni. Ahero. Kisumu. Yote yako chini, baada ya kuteremka milima. Londiani, Molo, Njoro, Kitale, hakuna hata simu moja.

Hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kupika.

Kesho yake Baba alipanda matatu na kipimajoto cha ukutani mfukoni. Alilala kwa akina mama wale usiku tatu. Saa nane mchana ndani ya kivungulio chetu zebaki ilikuwa imepita nyuzi 43, na alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuweza kukaa ndani dakika kumi. Nyanya hupenda mchana wa nyuzi ishirini na kitu. Ikipita 35 kwa siku nyingi mfululizo, chavua yake, ule unga wa ua, hufa, ua halishiki, linaanguka. Hata umwagilie ziwa zima.

Aliwaita akina mama wote chini ya mwembe akawaomba msamaha, amesimama, kofia mkononi. Aliwaambia kosa ni la nyumba na nyumba ni yake. Kisha akarudi Nakuru akauza ploti tuliyokuwa tumeinunua ili tujenge nyumba yetu. Mpaka naandika haya, wazazi wangu wanaishi nyumba ya kupanga.

Kwa pesa hizo tulikijenga upya kile kivungulio. Kuta zikapanda kutoka mita mbili hadi tatu na nusu, na kilele juu zaidi, ili hewa moto iwe na mahali pa kupanda mbali na mimea. Pembeni tukatoa plastiki yote, tukaweka neti ya wadudu. Dirisha la paa tukalipanua, likatazama upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka, ili upepo uvute joto nje badala ya kulisukuma ndani. Mita 30 tukaikata vipande viwili vya 15 na njia katikati, kwa sababu nyumba ndefu hewa yake hufia katikati. Hesabu tuliyoshika tangu siku hiyo: matundu yote ya hewa ukiyajumlisha, yasipungue sehemu ya tano ya eneo la sakafu.

Msimu uliofuata walivuna.

#12 MpandaHoho (Kisumu)

Walivuna, ni kweli. Nilibeba kreti hizo kwenda soko la Kibuye nikiwa kidato cha tatu. Mama mdogo alikuwa akisema fundi yule wa Nakuru ndiye mwanamume wa kwanza kumsikia akisema "nimekosea" mbele ya wanawake 22. Sikujua kuhusu ploti. Mpe salamu zetu.

#13 BintiFundi

Nimemsomea. Ametoka nje kidogo.

#14 MwalimuMstaafu (Molo)

Na nani anaendesha sasa? Biashara nyingi za ukoo hufia mikononi mwa watoto.

#15 BintiFundi

Mwalimu, kaka yangu ndiye wa vyuma, mume wa dada yangu ni wa usafiri na kununua, mimi ni wa vipimo na daftari. Kulikuwa na maneno shemeji alipoingia. Wajomba walisema mali ya ukoo haipewi mtu wa nje. Niliwapelekea habari ya Lord & Burnham, waliojenga vivungulio vikubwa kabisa vya Marekani. Frederick Lord alikuwa seremala, akaanza Buffalo mwaka 1849, na baadaye akaingia mkwewe, William Burnham. Jina la mkwe likakaa ubaoni pamoja na lake. Mwaka 1881 walijenga fremu ya chuma pale Lyndhurst, jimbo la New York, baada ya ile ya mbao kuteketea. Na nyumba kubwa ya vioo ya bustani ya mimea ya New York ni kazi yao pia. Ajabu ni kwamba walianza kutengeneza majiko ya kuchemsha maji ili kupasha vivungulio joto wakati wa theluji, na leo vivungulio hawajengi tena ila majiko bado yanatengenezwa kwa jina la Burnham, la mkwe. Wajomba walisikiliza. Hawakukubali siku hiyo, lakini hawakurudia.

Mambo mengine nitapita haraka. Mwaka 2014 Tuta absoluta, nondo mdogo ambaye viwavi wake huharibu nyanya, aliingia Kenya, na wengi walidhani neti peke yake inatosha. Mlango ndio uliokuwa ukimwingiza, kwa hiyo tangu hapo hatujengi bila milango miwili yenye chumba katikati. Mwaka 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilipotangazwa wateja waliogopa kununua, ikabidi tuwaeleze kwamba katazo lilihusu mifuko, si plastiki ya kufunikia shamba. Mwaka 2020 watu waliorudi kutoka Nairobi waliagiza vidogo vya nyuma ya nyumba.

Mnyauko wa bakteria sitaupita haraka, ndio ulioua vivungulio vingi huku magharibi kuliko upepo na wadudu. Unapanda nyanya, halafu nyanya, halafu nyanya palepale, bakteria wanajaa udongoni, mmea unanyauka ungali kijani. Ukibadilisha na hoho au biringani hujabadilisha kitu, ni ndugu wa nyanya. Hapo ndipo zile bolti zilimlipa kaka yangu deni lake. Nyumba iliyochomelewa haihami. Ya bolti tunaifungua, tunaisogeza kwenye udongo mpya siku tatu, na pale ilipotoka mtu anapanda mahindi au vitunguu. Baba alipoona ya kwanza ikihama, Vihiga, alimshika kaka yangu bega. Walikuwa wamenuniana juu ya bolti tangu miaka ile.

#16 KijanaWaBungoma

Dada, salfa nilipulizia, ni kweli. Nataka nijenge upya, mita 8 kwa 15, shamba liko kwenye mteremko unaotazama Chwele. Mlango niuweke wapi?

#17 BintiFundi

Usiweke chochote bado. Chukua kijiti kirefu cha mita tatu, funga juu yake kitambaa chepesi, kisimamishe katikati ya shamba. Kitazame saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, kwa siku saba, uandike kila mara kinaelekea wapi. Pima pia mteremko unashuka kiasi gani kutoka juu hadi chini ya hizo mita 15. Nitumie. Mama anasema uandike kwenye daftari, si kwenye simu.